Mgeni Akisema Muziki Uko Juu

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, niliyoamka kabla ya majogoo kwa furaha. Nyumbani kwetu Turwa ugeni ulikuwa unakuja kutoka Busawe kumaliza posa ya dada yangu Bhoke. Habari za ng'ombe wa mahari zilikuwa zimeshakwisha. Kilichobaki ni wazee wa pande mbili kukaa pamoja, kusalimiana, na mjomba wa bwana harusi kutamka baraka. Katika ukoo wao, mjomba asipotamka neno hilo hakuna harusi. Kila mtu nyumbani alilijua hilo, na mimi nililijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na kazi niliyopewa ilikuwa muziki. Nilikuwa nimeunda spika mbili za mbao kwa mikono yangu, kila moja kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Betri niliazima kwa fundi wa malori mjini Tarime, nikaifunga kwenye baiskeli, asidi ikanitoboa suruali njia nzima, wala sikujali. Nilipounganisha nyaya na rhumba ikalipuka, kuku walikimbilia migombani, na majirani wakaanza kumiminika kabla nyama haijaiva. Hakuna aliyewahi kuwa na sauti kama ile mtaani kwetu. Nilijiona mkubwa kuliko baba yangu.

Spika nilizipanga karibu na mlango, zikitazama viti vya wageni. Nilidhani ndiyo heshima: mgeni apewe kilicho bora, tena apewe karibu.

Wageni walifika saa sita mchana, watu saba, wakiongozwa na mjomba huyo, Mzee Wambura, mtu mrefu, mkavu, asiye na haraka. Sasa, unazijua salamu zetu. Haziishii kwenye shikamoo na marahaba. Mtu huulizwa habari za nyumba yake, watoto, mifugo, mvua, na wagonjwa mmoja mmoja. Baba akauliza, Mzee Wambura akaweka kiganja sikioni. Mzee akajibu, baba naye akainama ashike neno. Wakawa wanapigiana kelele kama watu waliosimama ng'ambo mbili za Mto Mara uliojaa. Vijana wakacheka. Nikacheka nao.

Kisha Bhoke akaletwa kusalimia. Akapiga magoti mbele ya kila mzee, macho chini, midomo ikisogea. Aliporudi ndani, Mzee Wambura akaniita kwa kidole. Nikamwendea huku nacheza.

"Kijana, punguza muziki wako kidogo," akasema. "Hatusikilizani."

Ni hayo tu, mwanangu. Hakutukana, hakukunja uso. Lakini mimi niliona kama amenivua nguo mbele ya mtaa mzima. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku ile ulimi wangu ulianguka kifudifudi. Nilikwenda kwenye betri, nikachomoa waya. Sikupunguza, nilizima kabisa. Halafu nikatangaza watu wote wakisikia, "Jamani samahanini, mgeni wetu wa Busawe hapendi muziki. Sherehe imeisha."

Waliokuwa wakicheza walibaki wamesimama, wengine mguu mmoja juu. Macho yote yakamgeukia mzee. Mama mmoja jirani yetu, ambaye hakujua kuweka neno akiba, akauliza kama huko Busawe harusi huchezwa kwa kukohoa. Watu wakaangua kicheko.

Mzee Wambura akainuka, akachukua fimbo yake, akamwinamia baba kidogo, akatoka. Wenzake wakamfuata. Mwita, bwana harusi mwenyewe, alitoka wa mwisho, akigeuka nyuma kila baada ya hatua mbili. Ndani ya nyumba nikamsikia dada yangu analia.

Shangazi yangu Wankuru, dada mkubwa wa baba, alikuwa kwenye moto akigeuza nyama. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alinishika mkono kwa vidole vyenye mafuta, akasema taratibu, "Mgeni kakuomba kijiko cha maji, wewe umemmwagia ndoo kichwani. Mfuate. Usirudi bila yeye, maana anayelia mle ndani siyo mimi."

Nikakimbia, mwanangu, nikakimbia kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Niliwakuta barabara kuu, wanasubiri gari. Nikasimama mbele ya mzee nikihema, nikamwamkia shikamoo, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba walipofika sikuwa nimemwamkia kabisa, kwa kuhangaikia nyaya. Nikamwambia kosa ni langu peke yangu, si la baba wala la dada. Nikamwambia nilikuwa naringia spika.

"Muziki naupenda kuliko wewe," akasema. "Lakini mama yake Mwita, dada yangu, ni mgonjwa, hakuweza kusafiri. Alinituma jambo moja: nimsikilize huyo binti anavyoongea, nikirudi nimweleze. Binti kapiga magoti mbele yangu, nimeona midomo tu. Sasa nikamwambie nini dada yangu?"

Nikasema tu, "Turudi, mzee, umsikie." Ndipo mmoja wa wenzake, mnene, mcheshi, akasema yeye nyama ya kichuri, yenye mchuzi wake wa uchungu, aliyoinusa pale motoni hawezi kuiacha kwa ajili ya waya mmoja. Mzee akacheka. Ewe mwanangu, kicheko kile mpaka leo nakisikia.

Tulirudi tukiongozana. Spika nikazihamishia nyuma ya nyumba, zikitazama shamba la mihogo, vijana wakazifuata huko wakacheza kwa sauti ya wastani. Mbele, wazee wakaanza salamu upya, tangu mwanzo. Bhoke akaja, akapiga magoti, sauti bado imekwaruzwa na kilio. Akamuuliza mzee habari za mama mkwe wake. Siku hizi anakula nini? Usiku anapata usingizi? Nani anamchotea maji? Mzee Wambura akajibu kila swali, moja moja. Kisha akasimama, akatamka baraka kwa sauti kubwa kuliko spika zangu.

Akauliza vijana wako wapi. Akaja nyuma ya nyumba, akacheza rhumba mpaka vumbi likapanda magotini, watu wakapiga vigelegele. Saa kumi betri ikaisha. Nadhani umejua kilichofuata: mzee yule yule akaanzisha wimbo kwa makofi, tukamwitikia mtaa mzima.

Juzi ulinisimulia kwa simu kwamba kwenye sherehe yako ya kuhamia nyumba mgeni alilalamikia muziki, nawe ukamuuliza mwenye nyumba ni nani. Mwanangu, mgeni anayekuletea lalamiko mkononi anakuamini bado. Asiyekuamini huaga mapema, akaenda kulisema kwingine. Msogelee, muulize anakosa nini. Huenda sikio linamuuma, huenda kuna mtu amekuja kumsikia. Punguza, geuza spika, mhamishie kiti. Jina lake usilitaje mbele ya watu. Na kama anataka wote wanyamaze kwa ajili yake, mwambie pembeni, kwa upole, kwamba furaha hii ina wenyewe wengi, kisha mpeleke mahali patulivu na mtu wa kuzungumza naye. Mgeni njoo, mwenyeji apone: lakini atakuponyaje usipomsikia?

Mpigie simu mgeni wako leo, umwombe radhi, umwalike tena.

Mungu aijaze nyumba yako wageni na nyimbo. Akupe mikono myepesi ya kupunguza na moyo mzito wa kukasirika. Na kila anayeingia mlangoni kwako asikiwe kabla hajala, ale ashibe, aondoke akikuombea mema.