Mafuta Juu ya Dawa ya Mama

Nianze na mimi mwenyewe, maana watu wa kwetu hupenda kuanza na majirani. Ukiingia soko la Kasese asubuhi, kabla wateja hawajafika, utamwona mama mzima, mwimbaji wa kwaya, ameinama ananyunyiza chumvi kwenye pembe nne za kibanda chake. Muulize, atakwambia ni chumvi iliyoombewa. Yule muuza viatu naye amefukia zaburi mlangoni, kwenye karatasi iliyokunjwa mara saba. Nilikuwa nawacheka. Nilikuwa nasema, hawa Jumapili wanamwimbia Mungu, Jumatatu wanamtafutia msaidizi. Na huku nacheka, ndani ya mkoba wangu mlikuwa na kichupa cha mafuta ya upako, nimekifunga kwa kitambaa kisimwagike. Mafuta yangu niliyaona ni kitu kingine.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa askari kutoka kaskazini, tukahamishwa huku na huku hadi tukafika Kasese, na hapo nikaolewa na mwalimu Mkonzo. Tumejenga Rukoki, nje kidogo ya mji. Lhukonzo, lugha ya kwao, naielewa nusu, kwa hiyo mimi na mama mkwe wangu tulisemezana Kiswahili: changu cha kambini, chake cha mpakani, alichokipata miaka ile alipokuwa akivusha maharage kwenda kuuza Kongo. Aliniita mutoto ya kambi, kwa utani. Mimi nilimwita Mama. Alikaa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, juu kidogo kwenye mteremko, peke yake na mbuzi wake na shamba lake. Mimi nauza vitenge Kasese, na kila mwezi nilikuwa naenda Bwera kuchukua mzigo mpakani, ndiyo maana kazi ya kumchukulia dawa hospitali ikawa yangu.

Mama alikuwa na presha, tena ile mbaya. Nesi alinikalisha chini akanieleza bila kuzunguka: vidonge hivi haviachwi hata siku moja. Akiviacha ataanguka, na akianguka anaweza asiinuke tena. Maneno yale yaliniingia. Nikachukua kalamu nikaandika mwenyewe kwenye kila bahasha ya vidonge, kwa herufi kubwa kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuchoka: ASUBUHI KIMOJA, JIONI KIMOJA. Na miaka miwili hivi mambo yakaenda sawa.

Mafuta yaliingia kwa mlango wa ndoto. Nilikuwa nimeota mara tatu natembea sokoni bila nguo, na mwenzangu wa kibanda cha pili akasema hiyo si ndoto ya bure. Akanipeleka kwa mama mmoja nabii huko Bwera, aliyekuwa na nyumba ya maombi ya mabati nyuma ya wabadilisha pesa. Mama nabii alikuwa mtaratibu, anasikiliza vizuri, ameshika mkono wako wakati wote. Aliniambia vitu hupita mikono mingi kabla ya kukufikia, na hujui kila mkono ulitoka kushika nini. Paka kila kinachoingia kwako na kinachotoka, akasema, na usimwambie mtu, kwa sababu upako ukitangazwa unaishiwa nguvu.

Basi nikapaka. Nilipaka vitenge kwenye pindo, nilipaka sukari, nilipaka hata simu. Na bahasha za dawa ya Mama nilizichorea msalaba mdogo kwa kidole, kila mwezi, nikiwa bado kwenye benchi la hospitali. Nilifanya vile kwa sababu nilimpenda. Hilo naweza kuliapia leo hii mbele ya mtu yeyote. Nilitaka dawa ifanye kazi mara mbili.

Lakini karatasi na mafuta unavijua. Doa linatambaa. Nilipokuwa nafika juu kwa Mama, msalaba ulikuwa umekwisha zamani, na bahasha ilikuwa na doa kubwa, inang'aa, unaona vidonge ndani.

Mwezi wa tatu hivi tangu nianze kupaka, Mama akabadilika. Zamani alikuwa akinipokea mzigo kichwani mwangu kabla sijasalimia. Sasa alibaki mlangoni, mikono nyuma. Nikimpa dawa ananionyesha meza kwa kidevu.

"Weka pale. Ntameza kisha," anasema.

Nikitaka kuingia jikoni kumsaidia, ananiambia jiko iko na moshi, nikae nje. Jiko lile lilikuwa na moshi tangu siku ya kwanza nilipoletwa kwake, na siku zote nilikuwa naingia. Nikajiuliza, huyu anaficha nini humo? Nikaanza kumtazama na mimi. Nikagundua kwamba nikiondoka anafagia nilipokaa. Nikagundua kwamba chakula changu anakipakua kando, kwenye sahani ya bluu, daima hiyohiyo. Nilipomweleza baba watoto, alicheka akasema mama yake anazeeka tu. Sikucheka. Mwanamume kwa mama yake haoni kitu.

Nikaanza kusema nimeshakula njiani. Hakunibembeleza, na hilo nalo nikaliweka moyoni.

Halafu ikaja siku ya palizi. Maharage yalikuwa yamezidiwa na majani, nami nikalala kwake siku mbili nimsaidie. Asubuhi nikaanzia upande wa juu, karibu na mpaka wa jirani. Jembe likatoa udongo, na ndani ya udongo kitu cheupe, chumvi, tena nyingi, ya mawemawe. Chini ya chumvi kulikuwa na bahasha. Na juu ya bahasha kulikuwa na mwandiko wangu.

Nilikaa chini palepale. Wewe ungefikiria nini? Mwandiko wa mtu ni kama unyayo wake, na wangu ulikuwa umefukiwa shambani, umefunikwa chumvi, kwa mama mkwe ambaye hataki niingie jikoni. Nikasema moyoni, ah, kumbe ni yeye. Ndoto, wateja waliohamia kibanda cha jirani, mimba ile iliyotoka kabla ya mtoto wetu wa mwisho, vyote vikajipanga mstari vikamwelekea yeye. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na sasa niseme jambo ninaloona aibu kulisema. Ile bahasha ilikuwa imejaa. Niliihisi kwa vidole, vidonge vyote vilikuwemo, hakikupungua hata kimoja. Niliona. Mtu mwenye akili timamu angesema, Mungu wangu, huyu mama hamezi dawa. Mimi nilijifikiria mimi. Nilirudisha udongo, nikapalilia kuzunguka pale bila kupagusa, na jioni nikaaga nikisema watoto wananingoja.

Sikwenda Rukoki moja kwa moja. Nilishukia kwa mama nabii. Nikamweleza yote, bila kusema ni nani. Alifumba macho, akasema adui yangu ni mwanamke, yuko ndani ya ukoo, na tumekula sahani moja. Akanipa mafuta mengine, akaniambia nizidishe. Nikazidisha. Mwezi uliofuata bahasha za Mama zilikuwa zimelowa hata wino umeanza kuchuruzika, na wakati huu sikuwa napaka kwa upendo. Nilikuwa napaka ili ubaya wake umrudie mwenyewe. Nilimpelekea, nikaweka mezani, nikaondoka bila kukaa.

Wiki ya pili jirani yake akapiga simu. Mama alikuwa ameanguka akimfunga mbuzi. Mdomo umeenda upande, mkono wa kulia haushiki kitu, hasemi.

Tulimkuta wodini. Nesi alikuwa yuleyule. Akaniuliza, "Dawa alikuwa anameza?"

"Namletea kila mwezi," nikajibu.

"Sijakuuliza hilo."

Baba watoto alikuwa amesimama pembeni yangu, ameshika viatu vya mama yake. Nikatoka nje kwenye veranda. Huko nikaona bora kurudi kusema. Nikamwambia nesi kwamba alikuwa hamezi, alikuwa anafukia shambani. Nesi akaacha kuandika akaniuliza nilijua lini. Nikamwambia. Baba watoto alinitazama, akageuka ukutani, na siku mbili nzima hakunisemesha. Sikumlaumu.

Maneno ya Mama yalirudi polepole, moja moja. Mimi ndiye niliyelala naye hospitali, kwa sababu nilijipa adhabu hiyo mwenyewe. Siku moja mchana, wagonjwa wengine wamelala, akanishika gauni kwa mkono wa kushoto.

"Mafuta," akasema. "Mafuta iko ya nini kwa dawa?"

Nikamwambia ukweli wote. Nilianza na ndoto, nikafika kwenye msalaba wa kidole, nikafika hata kwenye ile bahasha ya mwisho. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanisimulia yake, kwa shida, akipumzika kila baada ya maneno machache. Aliona doa mwezi wa kwanza, akanyamaza. Aliona mwezi wa pili. Akaenda kuomba ushauri, na akaambiwa, ukiona mtu anakuletea kitu kimepakwa, usikile na usikitupe ovyo, kifukie na chumvi, kisirudi. Na usimwambie mutu.

"Ulikwenda kwa nani, Mama?" nikamuuliza.

Kwa mama nabii, nyuma ya wabadilisha pesa. Yeye alikuwa anakwenda Jumanne, mimi Alhamisi. Tulishikwa mkono na mtu mmoja, tukaambiwa tuogopane, kila mmoja kwa siku yake.

Nilikasirika. Nilitaka kwenda kuvunja yale mabati. Mama akasema niache, huyo mwanamke hakutaja jina la mutu, majina tumeleta sisi. Tulilia pale, mimi kwa macho mawili, yeye kwa moja lililokuwa bado linamtii. Kile kichupa nilikimwaga chooni mbele ya baba watoto.

Akarudi nyumbani na fimbo. Nilikwenda kila wiki sasa. Bahasha zilikuwa kavu, namfungulia mwenyewe, namwekea kidonge kwenye kiganja cha kushoto, anameza huku ananitazama, anafungua mdomo nione umebaki mtupu. Tulikuwa tunacheka kwa hilo. Nesi alisema presha imeshuka na akiendelea hivi anaweza kulima tena. Baba watoto akaanza tena kunitania mezani. Nilisema, Mungu ni mwema, haya yamepita.

Jumamosi moja nilipokuwa naaga, Mama akaniambia ningoje. Akaingia jikoni akijikokota, akatoka na parachichi kubwa, limeiva vizuri, tayari amelikata nusu. Alikuwa amelikata peke yake, kwa mkono mmoja, sijui kwa namna gani. Akaninyooshea.

"Kula, mutoto ya kambi. Hii ni ya mwisho, muti imechoka."

Nilipokea kwa mikono miwili nikashukuru. Nikaangalia lile parachichi. Lilikuwa limekatwa jikoni, sikuona likikatwa. Kokwa lilikuwa limeondolewa.

"Nitakula njiani, Mama," nikasema.

Nilijua halina kitu. Naomba mnielewe, nilijua kabisa, kama ninavyojua jina langu. Nilishuka mteremko nalo mkononi, nikajiambia kula wewe mwanamke, kula, na mkono ukawa hauendi mdomoni. Mbuzi alikuwa amefungwa chini kidogo ya njia. Nikamtupia. Akalila lote na ganda lake, akanitazama kama kuna lingine.

Nilipoinua macho, Mama alikuwa bado mlangoni, ameegemea fimbo. Macho yake ya mbali yalikuwa mazuri kuliko ya karibu. Nikapunga mkono. Naye akapunga.

Wiki iliyofuata nilifika kama kawaida. Alinisalimia vizuri, akauliza watoto, akauliza soko. Nikafungua bahasha nikamwekea kidonge kwenye kiganja. Akakifumba, akashukuru, akasema atakimeza kisha, mimi nikishaenda.

Nikasema sawa, Mama.