Taya ya mum ilifunga mbele ya clan, na X-ray ikasema hana shida

Wakuu, salamu kutoka Kanyangi. Hii sijawahi andika popote. Siongezi chumvi, mkiipata nifukuzeni humu.

Baba aliaga mwaka jana. Matanga haijapoa, uncle Kioko, ndugu yake mdogo, akaanza kusema shamba la chini ni lake. Mum akakataa. Clan ikaitwa nyumbani kwetu.

Sasa sisi Wakamba tuko na kithitu. Ni kiapo. Ukiapa uwongo, watu wanasema kinakushika. Mum ni mtu wa kanisa, akasema hiyo hapana, akashika Biblia.

Akaanza: "Mpaka unafuata makonge, kuanzia kwa..."

Ka!

Niliisikia nikiwa kando yake. Mkono ukaenda shavuni, machozi yakamtoka, na mdomo ukakataa kufunguka. Hata kidole kilipita kwa shida.

Uncle alisimama haraka sana, wueh! "Mmeona? Hata hajaapa kithitu na kimeshamshika!"

Wazee wakasema watarudi baadaye, aongee kama Mungu amemwachilia. Maana yake nyote mnaielewa: asipoongea, shamba limeenda, na jina lake pia.

Nilichemka, wakuu. Mtu anakunywa uji kwa mrija, na kanisani anaulizwa kama ana kitu ya kutubu!

Nikampeleka Kitui town. Wakapiga X-ray ya taya yote. Mifupa iko sawa, meno iko sawa, nendeni na dawa ya maumivu.

Badala ya kufurahi nilitaka kulia. Tulipofika nyumbani uncle alikuwa ameshapata habari. "Si niliwaambia? Hospitali haioni kithitu."

Lakini iliyonivunja ni mum mwenyewe. Alikuwa jikoni, akaniambia kwa meno yamefungwa: "Mwende, labda ni mimi nilikosea mpaka."

Mwaitu, mama yangu! Aliyelima hapo maisha yake yote!

Nikasema hapana, nikatafuta daktari mwingine, wa meno. Huyu akauliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameuliza: "Kabla ifunge, taya ilikuwa inalia?"

Mum akaitikia kwa kichwa. Tangu mazishi, akitafuna muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, taya ilikuwa inafanya ka, ka, na sisi tulikuwa tunamcheka eti anatafuna mawe. Usiku naye alikuwa anasaga meno.

Daktari akaeleza. Kwenye kiungo cha taya, karibu na sikio, kuna kisahani laini kati ya mifupa. X-ray inaonyesha mfupa, hicho kisahani haikioni. MRI ndio inakiona, na unapigwa picha mdomo ukiwa umefungwa, halafu tena ukiufungua mahali unafika.

Tukaenda Nairobi. Mum akaingizwa kwa ile mashine, inagonga kama watu wanapiga mabati. Mimi nje naomba wapate kitu. Nani huomba mama yake apatikane na ugonjwa? Mimi niliomba, tena kwa nguvu.

Wakapata. Kisahani kilikuwa kimeteleza mbele na hakirudi, ndio maana mdomo haufunguki.

Mum akaangalia picha kitambo. Akauliza polepole: "Daktari, hii inashika mtu amesema uwongo?"

Daktari hakucheka. "Mama, hii inashika hata mwalimu wa Sunday school."

Hapo ndipo mum alilia. Mimi pia.

Akapewa mazoezi ya taya, chakula laini, kitambaa cha moto, na kifaa cha plastiki cha kuvaa kwa meno akilala. Ilifunguka pole pole, na mpaka leo haifunguki yote.

Clan iliporudi nilitaka kubeba zile picha. Mum akaniambia niziache ndani. Akasimama na Biblia, akaendelea pale pale alikuwa amekatikia:

"...kuanzia kwa mto, mpaka kwa kaburi la mume wangu. Na Kioko, ni wewe ulikuwa unanishikia miche ya makonge nikipanda."

Wazee wote wakamgeukia uncle. Uncle akafungua mdomo. Akaufunga tena, akainuka akaenda, na shamba likabaki la mum.

Wakuu, taya ikilia na ianze kuuma au kukwama, usikae nayo. X-ray ikiwa safi na bado mdomo haufunguki, uliza kuhusu hicho kisahani. Na mgonjwa asihukumiwe kwa ugonjwa wake.

Kuna mwenye taya yake inafanya ka? Aseme hapa chini, angali anaweza kusema.