Ng'ombe Wapite Wapi

Wiki ile nilikuwa sikai nikatulia. Watu wa wilayani walikuwa wanakuja kijijini kwetu, upande wa Chala, kusikiliza maoni yetu juu ya mpango wa matumizi ya ardhi, na mimi maoni nilikuwa nayo ya kujaza gunia. Shamba langu la maharage lilikuwa bondeni, kando ya mto. Nililima kwa intumba, vile vilima vya duara ambavyo sisi Wafipa tunafukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Halafu ng'ombe wa wafugaji waliohamia kwetu wanapita juu yake kwenda kunywa maji, na kilima kinabaki chapati.

Zamani ningenung'unika tu. Lakini soko huria lilikuwa limeingia, malori ya wafanyabiashara wa Sumbawanga mjini yanafuata maharage mpaka mlangoni, na kila mtu alikuwa amesogeza shamba hadi ukingoni mwa mto. Maharage yale ndiyo yangenitoa kwenye nyumba ya nyasi. Nikaenda mkutanoni nimejifunga kibwebwe, maneno nimeshayapanga: wafugaji wahame.

Mtaalamu wa ardhi, kijana mpole mwenye kofia, hakutuhutubia. Aliomba majivu. Tukachora kijiji kizima kwenye uwanja wa mpira wa shule: mto, barabara, nyumba, shule, mashamba. Mpaka wangu niliuchora mwenyewe, mstari mnene, nina raha kama niko harusini. Kisha akasema kila mtu asimame pale anapotaka kisima kichimbwe. Kufumba na kufumbua, kila mtu alikuwa amesimama nyumbani kwake, mwenyekiti wa kijiji naye kifua mbele. Tulicheka wote, na mtaalamu akacheka mpaka akavua kofia.

"Haya, kisima tutakirudia," akasema. "Wenye mashamba ya bondeni, simameni mashambani kwenu. Wenye ng'ombe, hebu wapelekeni maji."

Akatoka mama mmoja wa Kisukuma, mtu mzima, ambaye tulikuwa tumeshagombana zaidi ya mara moja. Alikuja na fimbo yake, anapiga mluzi, anaswaga ng'ombe ambao hawapo. Watu wakampigia makofi. Alipofika kwenye mstari wangu akasimama. Akaenda kushoto, akakuta shamba la shemeji yangu. Akaenda kulia, akakuta shule. Akarudi kwangu.

"Mwanangu," akasema, "nipite wapi?"

Nikageuka nimwonyeshe pa kupita. Kutoka pale niliuona ukingo wote wa mto, majivu yameungana mwanzo hadi mwisho, hakuna upenyo hata wa mbuzi. Nilikuwa na hasira bado, ila sasa sikujua nimkasirikie nani. Nikamgeukia shemeji, nikamwambia:

"Shemeji, usinitazame mimi. Wewe rudi hatua moja, na mimi hatua moja."

"Na maharage yangu?"

"Kwani yangu ni magugu?"

Akaguna, lakini akarudi. Nami nikafuta mstari wangu kwa mguu, na kila nilipofuta niliumia, maana nilijua ni vilima vipi vinakwenda. Nikachora mwingine ndani zaidi.

"Mama, wapite hapa tu," nikamwambia. "Wakikanyaga hata jani moja pembeni, tutaonana mimi na wewe."

"Tutaonana," akakubali, anacheka.

Akapiga mluzi tena, akaanza kushuka kuelekea mtoni, katikati yangu na shemeji, akiwaita ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina. Watu walikuwa wanashangilia. Mimi nikajikuta nimerudi nyuma kidogo na kukikusanya kitenge changu, ng'ombe wasije wakakikanyaga.