Matanga ya Waziri wa Kireno

Mzee aliyenipangisha chumba Vällingby, kitongoji cha Stockholm, mwanzoni mwa miaka ya sabini, alikuwa Mreno, na kwa siasa zangu za wakati ule sikupaswa kukaa na Mreno hata bure. Nchi yake ilikuwa ikipigana na ndugu zetu wa Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma. Lakini Stockholm ukipata chumba hukiulizi kabila. Nilikuwa nimeletwa kujifunza uchapaji, baridi ilikuwa imeshanitia adabu, na mzee mwenyewe alikuwa mkimbizi wa serikali ile ile niliyokuwa nikiilaani. Nikahamia.

Kilichonichosha ni picha ya sebuleni: bwana wa masharubu mazito, mmoja wa waliomng'oa mfalme wa Ureno na kuanzisha jamhuri mzee akiwa mtoto. Kila asubuhi nilipewa kipande cha maisha yake pamoja na chai. Alianza kama wakili, akafungwa jela kwa kumsema mfalme hadharani, akaja kuwa waziri wa elimu aliyefungua shule kijijini kwa akina mzee. Kisha akawa waziri tena, na tena, maana serikali zao zilianguka ovyo. Mzee aliapa kwamba safari moja bwana huyo alipewa wizara asubuhi, jioni akakuta mwenzake amekalia kiti. Mwishowe wanajeshi wakaipindua jamhuri, akakimbilia Paris, akafia huko. Nilimjua waziri yule kuliko mawaziri wa kwetu, na sikuwa nimeomba.

Kila mwaka, siku ya jamhuri yao, mzee alipika samaki wa chumvi, akavaa suti nyeusi na kuwasubiri wageni ili awasomee maisha ya bwana huyo. Wageni wenyewe walikuwa vijana wa Kireno waliotoroka jeshi. Walikula, wakanywa divai, wakamcheka: jamhuri gani hiyo, ya mawakili na masharubu? Mwaka uliotangulia hawakuja kabisa. Sasa akaniambia, macho kwenye sahani, niwalete watu wangu. Nao wasipomsikiliza, hatamtaja tena bwana yule maishani mwake. Nilimhurumia. Nami nilikuwa na langu: nilitaka kumuuliza mbele za watu shujaa wake aliifanyia nini Msumbiji.

Watu wetu, Watanzania na Waganda, ukiwaambia kuna mhadhara, ghafla kila mmoja ana zamu kazini. Kwa hiyo niliwaambia tu waje Jumapili kwa mwenye nyumba wangu, kuna chakula.

Walipogonga nilikuwa jikoni, mzee akawafungulia. Fikiria walichokiona. Picha imeshushwa mezani juu ya kitambaa cheupe, mshumaa unawaka, maua pembeni, viti vimezunguka ukuta, na mzee amevaa nyeusi, macho mekundu kwa vitunguu. Nani angeuliza? Nilipotoka na sinia, wanawake walikuwa wamegeuza skafu zao za baridi kuwa mitandio, wanaume wameinamisha vichwa, na dada mkubwa, muuguzi wa Tanga ambaye sote tulimwogopa kuliko ubalozi, ameushika mkono wa mzee kwa mikono miwili, anampa pole. Mzee akaninong'oneza kwa Kiswidi chake cha kuokoteza kwamba hajapata kuona wasikilizaji wenye adabu namna hii.

Nikamvuta dada jikoni.

"Dada, huu si msiba. Huyu mtu alikufa kabla sijazaliwa."

"Si ndugu yake?"

"Wala. Alikuwa waziri tu."

"Kazikwa wapi?"

"Paris, ukimbizini. Mzee anasema mvua ilinyesha, waliofika hawakujaza hata benchi."

"Na matanga?"

"Matanga ya nani, dada? Wareno hao!"

"Basi hajaombolezwa," akasema, akakaza mtandio. "Peleka chai."

Mzee akasimama na karatasi zake, mimi natafsiri. Ungekuwa mhadhara, angewapoteza kabla mfalme hajaondoka. Lakini wasifu wa marehemu hauachwi katikati. Bwana alipotiwa jela, wakasema masikini. Alipofungua shule, Mungu amlipe. Serikali zilipozidi kuanguka, Mganda mmoja, mwalimu mkuu aliyewakimbia wanajeshi wa kwao, akatamka kwamba marehemu alifanyiwa husuda kazini. Mzee akauliza kasema nini, nikamwambia ameafiki. Jirani wa chini, Mswidi asiyemsalimu mtu kwenye ngazi, akapanda kulalamikia kelele, akauona mshumaa, akavua viatu na kukaa karibu na mlango.

Tukafika Paris.

"Maiti ilirudishwa kwao?" akauliza yule mwalimu.

Mzee akajibu hapana, iko huko huko mpaka leo. Mwalimu akatoa leso, akafunika uso. Nami swali langu nikalimeza, kwa hasira. Utamshutumuje mtu kwenye matanga yake?

Ndipo dada mkubwa akasimama kusema lile linalosemwa kwetu: kama marehemu alimkosea yeyote, asamehewe, apumzike. Nikatafsiri, nikidhani mzee atashukuru. Akaziweka karatasi chini, akafuta miwani.

"Aliwakosea," akasema. "Mfalme walimwondoa kwetu tu. Kwenu walimwacha. Alisema Waafrika wangoje, wafundishwe kwanza. Hapo huwa naparuka nikisoma, kila mwaka."

Niliyatafsiri hayo kwa taabu. Dada akaitazama ile picha jinsi anavyomtazama mgonjwa aliyekataa dawa.

"Sisi wa hapa tumemsamehe," akasema. "Wa ng'ambo ya Ruvuma hawapo, na hatuwezi kusamehe kwa niaba yao."

Mzee akauliza hao wataombwaje msamaha.

"Mwambie Wareno wenzake waache kwanza kuwapiga mabomu."

Nikamwambia hivyo hivyo, bila kupunguza. Mzee akasema ni haki. Kisha akaketi akalia kilio cha mfiwa, na wenzangu, waliojiandaa kwa kazi hiyo tangu walipoingia mlangoni, wakakaa naye mpaka akanyamaza.