Kicheko Kilichomtia Hofu Gerlinde Ortlepp

Gerlinde Ortlepp alikuwa mwalimu kabla ya halmashauri kumkabidhi majumba mawili ya maigizo ya mji, lile kubwa la uwanjani na lile dogo la watoto. Ilikuwa mwaka 1971, katika mji wa viwanda vya nyuzi huko Saksonia, upande wa mashariki wa ule mpaka uliowagawa Wajerumani, ambao watu wa mashariki hawakuruhusiwa kuuvuka. Kwa maandishi, kazi yake ilikuwa mapaa, mishahara na ratiba. Kazi yenyewe hasa ilikuwa kusoma kila mchezo kabla haujapanda jukwaani, kisha kutia sahihi. Sahihi hiyo ilimweka roho juu miaka kumi na miwili.

Ukali wa waigizaji haukumtisha. Alichoogopa ni kicheko. Kila onyesho la kwanza alikaa safu ya nane, jukwaa halitazami, katega sikio tu: watu wanacheka wapi, na kwa nini hapo?

Machi 1983 alipitisha mchezo wa zamani wa mfalme na bawabu wake. Aliusoma mara tatu asione doa. Kumbe bawabu alikuwa na maneno haya: "Mlango nimeufunga kwa faida yenu." Mzee Hartwig Böhlau, aliyeigiza bawabu, aliyatamka polepole, mikono mfukoni. Ukumbi ukacheka, ukatulia, ukacheka tena.  Mbele ya Gerlinde bwana mmoja wa koti la kijivu hakucheka. Alikuwa anaandika.

Kesho yake akapigiwa simu na Seiferth, wa ofisi ya chama tawala.

"Ndugu Ortlepp, nasikia mna mlango huko."

"Mchezo wenyewe una miaka mia mbili, Ndugu Seiferth."

"Na hao wanaocheka, nao wana miaka mia mbili?"

Gerlinde akavuta kitabu cha mchezo, akatafuta ukurasa wa bawabu.

"Likate hilo neno," Seiferth akasema, akakata simu.

Gerlinde akamfuata Böhlau chumba cha kuvalia, akamkuta anajipaka rangi usoni.

"Ile sentensi iondoke, Bwana Böhlau. Nakuomba."

"Unaniomba au unaniamuru?"

"Naogopa, Hartwig." Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake la kwanza. "Nina binti chuoni. Wakimfukuza, ataenda wapi?"

Mzee akaweka brashi chini. "Basi sitasema neno. Nakuahidi."

Na ahadi akaitimiza. Jumamosi, mahali pale pale, bawabu alifunga mlango, akageuka, akawatazama watu kimya. Mji mzima ulikwisha sikia habari za sentensi ile. Mmoja akakohoa, mwingine akacheka puani, mara ukumbi ukaangua kicheko, watu wanapiga miguu sakafuni na kufuta machozi. Gerlinde akashtuka kuona na yeye anacheka. Akaziba mdomo, akaangaza kulia na kushoto: nani kamwona?

Wiki tatu zilizofuata, kila gari lilipopunguza mwendo barabarani, kisu kilimponyoka mkononi na viazi vikabaki na maganda. Mumewe, Rainer, akamwambia, "Kula hata kidogo."

"Unadhani waliniona?"

"Kwani ulicheka?"

"Nilikohoa tu," akamjibu mume aliyeishi naye miaka ishirini.

Barua ya halmashauri ilipofika ilisema anahamishiwa ofisi ya makaburi "kwa ombi lake mwenyewe". Hakuwa ameomba lolote, lakini aliisoma akashusha pumzi. Mchezo ukaondolewa. Böhlau hakupewa tena nafasi kubwa mpaka akastaafu. Binti alimaliza chuo bila kuguswa, na Gerlinde hakujua amshukuru nani.

Mpaka ule wa Wajerumani ulipofunguliwa, halmashauri mpya ilimwita arudi kwenye maigizo. Karani kijana alimkaribisha kahawa.

"Michezo siku hizi anaisoma nani?" Gerlinde akauliza.

"Hakuna, Bibi Ortlepp. Wanaigiza wanachotaka."

"Na wewe unamwandikia nani taarifa?"

"Simwandikii mtu."

Gerlinde hakumwamini. Akavaa koti lake na kahawa hajaionja. Alibaki makaburini mpaka siku ya pensheni yake.