Tulienda kutafuta pétrin

Leo nimetangazia duka zima kwamba familia yetu iko ndani ya matata.

Miye. Ule mwenye hata kuitika "présent" wakiita jina lake darasani kunamushinda.

Mama anakanda unga wa mikate kwa mikono kila siku, na vifundo vya mikono vimemuvimba. Sikukuu ya uhuru inakaribia, watu wamemuomba mikate mingi. Bon, tukaenda kumuchagulia mashine.

Muuzaji akamuletea mixeur.

"Mama, hii inafanya yote!"

Mama akatabasamu, akaanza kufungua pochi.

Jamani, mixeur ni ya maji ya matunda! Unga muzito ungeiunguza siku ya kwanza tu. Nilijua. Nikatafuta Kifaransa changu cha shule ili niombe pétrin, yaani mashine ya kukanda. Nikapaza sauti:

"Monsieur, nous sommes dans le pétrin!"

Nilitaka kusema tunatafuta pétrin. Kumbe maana yake: bwana, tuko matatani.

Duka zima likaangua kicheko.

Tonton mumoja, baba wa makamo, akaniuliza, "Mutoto, nani anawafukuza?"

Nilitamani kuingia ndani ya friji nijifungie.

Lakini muuzaji alikuwa ameshika neno pétrin; huku akijipangusa machozi, akarudisha mixeur na kuteremusha mashine yenye ndoano ya kukandia. Tukaijaribu palepale. Mama akaichukua.

Sasa tuko nyumbani, courant ya umeme iko, unga unajikanda. Mama ameketi, mikono juu ya mapaja, ananiuliza:

"Na miye sasa nifanye nini?"

Mumujibu nyinyi. Miye maneno yangu ya leo yameisha.