Kitenge cha Jumamosi

Mzee Maige alikuwa ameogesha ng'ombe karibu maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwonya kwamba uzeeni angeshindwa na mbwa.

Kule Zagayu ndiye aliyekuwa msimamizi wa josho la kijiji. Ng'ombe walikuja kwa makundi tangu alfajiri, vumbi juu, naye amesimama ukingoni na mti wake wenye panda, akiwadidimiza vichwa ili dawa iwafike hadi masikioni. Dume lililowatoa vijana jasho, yeye alilikoholea tu likapita. Watu walimheshimu. Ni mkewe Nyanjige peke yake aliyemcheka, akisema mume wake anajua kuogesha kila kitu isipokuwa miguu yake mwenyewe.

Nyanjige naye alikuwa na wazimu wake: aliogesha mbwa. Kila Jumamosi, akitoka shamba la pamba, alichemsha majani ya mwarobaini, akaketi kwenye kigoda, akamsugua mbwa wake kwa sabuni ya mche mpaka katikati ya vidole. Sasa jamani, mbwa wa Usukumani analinda zizi, anakula makombo, anaogeshwa na mvua. Majirani walicheka mpaka wakachoka, na Nyanjige akampa mbwa jina la kuwajibu: Watasema.

Huu ni mwaka wa pili tangu Nyanjige azikwe. Ng'ombe waligawiwa watoto, na Mzee Maige akahamia Bariadi mjini kwa binti yake Violeth, aliyeajiriwa halmashauri. Alikuja na Watasema, na kitenge cha kijani alichokuwa akijifunga marehemu. Kitenge hicho hakijafuliwa tangu msiba. Alikiweka kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, na siku upweke ulipomwelemea alikifungua kidogo, akanusa, akakifunga upesi. Harufu ilikuwa inapungua. Alilijua hilo, na lilimtisha kuliko kifo chake mwenyewe.

Wiki moja mjukuu wake Jenifer alianza kujikuna. Violeth aligeuza blanketi la mtoto, akakuta viroboto.

"Baba, mbwa aogeshwe kabla ya Jumapili," alisema. "La sivyo kaka Bujiku atakuja amchukue, akamfunge kwake Sola."

"Mayo, huyu ni mbwa wa mama yako," alijibu mzee, akimwita binti yake mama kwa Kisukuma.

"Najua, baba. Ndiyo maana nimesema aogeshwe, sijasema aondoke."

"Basi usiite mtu. Nimeogesha madume, sembuse mbwa."

Maneno hayo aliyasema kwa kifua, lakini moyoni alijua kuna kazi. Tangu Nyanjige azikwe, Watasema hajakubali maji. Ukishika beseni tu, kajipenyeza chini ya tenki la maji uani, na hatoki mpaka beseni lirudi ndani.

Jumamosi asubuhi mzee akajenga josho. Alisimamisha mabati mawili, akayaegemeza kwa matofali, ikapatikana njia nyembamba, na mwisho wake akaweka karai kubwa lenye maji ya mwarobaini. Jirani yao Yusta, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, akachungulia juu ya ua.

"Mwangaluka, baba Violeth. Unajenga choo?"

"Josho."

"La mbwa?"

"Mnyama ni mnyama, mwalimu. Akikosa pa kugeukia, atapita."

Kweli, ng'ombe angepita. Lakini ng'ombe haruki bati. Watasema alisukumwa hadi katikati, akanusa maji, akapaa. Alipita kwenye kamba ya nguo, akaondoka na shuka la Violeth mgongoni, wakaingia wote wawili, mbwa na shuka, chini ya tenki. Bati lilianguka kwenye karai, karai likapinduka, na mchanga ukaoga badala ya mbwa. Yusta alicheka mpaka akashika ua.

"Pole, baba," alisema alipopata pumzi. "Kwani mama alikuwa anafanyaje?"

"Alikuwa anaketi tu. Mbwa anakuja mwenyewe, anaweka kidevu hapa." Akapiga paja lake, na hapo mkono ukabaki. Alikuwa amekiona: kigoda, magoti, na kitenge cha kijani juu ya magoti. Kila Jumamosi kilikuwa hichohicho.

Akikilowesha kitenge, Nyanjige ataondoka mara ya pili, na safari hii ni yeye atakayekuwa amemfungulia mlango. Asipokilowesha, mbwa wake ataenda kuzeekea kambani Sola. Hasira zilimpanda, na hakuwa na wa kumkasirikia.

Aliingia ndani, akafungua mfuko, akanusa kwa pumzi ndefu, safari hii bila kujibania. Kisha akajifunga kitenge juu ya suruali, mwanamume mzima, akatoka nje akaketi kwenye kigoda kando ya beseni jipya la maji. Hakuita. Pua ikatangulia kutoka chini ya tenki, halafu masikio. Watasema alikuja akiburuza tumbo, akaweka kidevu gotini, akashusha pumzi.

Ukiyavulia maji nguo, huna budi kuyaoga. Mzee alimsugua mgongo, makwapa, katikati ya vidole, akamtoa kupe mmojammoja, huku akimsemesha Kisukuma, na machozi yakimtoka bila kujificha. Yusta aliona, akachukua fagio na kwenda kufagia upande wa pili, mahali alipokwisha kufagia.

Baada ya kumkausha mbwa, mzee alikifungua kitenge kilicholoa chepechepe. Alikisogeza puani akiwa amejiandaa kutokuta kitu.

Akakuta mwarobaini, sabuni ya mche, na mbwa aliyelowa. Hivi ndivyo Nyanjige alivyonukia alipoinama kumwekea ugali, kila Jumamosi jioni, miaka yote ile. Kumbe harufu aliyokuwa akiitunza kwenye nailoni ilikuwa ya dawa ya kuchua na wodi, harufu ya wiki za mwisho za Nyanjige hospitalini.

Violeth alirudi kutoka sokoni, akamkuta baba yake amekumbatia kitambaa kinachotiririka maji, na mbwa amelala miguuni pake.

"Nipe nikakifue, baba."

"Kianike tu, mayo," alisema Mzee Maige. "Jumamosi tutakihitaji."